Shajara ya Mradi: Utenzi Mmoja, Madaftari Mawili na Swali la Matini

Januari

Familia moja ya Ngamiani, hapa mjini Tanga, imekubali tuuchapishe utenzi wa safari ya baharini ambao wazee wao waliuhifadhi katika daftari lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Daftari la pili lenye utenzi huohuo liko kwa ukoo mwingine upande wa Pangani, na wenyewe wameturuhusu kulipiga picha bila kulitoa nyumbani. Zaidi ya hayo yuko bibi mmoja, jamaa wa mbali wa familia ya kwanza, ambaye anaughani utenzi wote kwa moyo. Kikundi chetu kina mwalimu mstaafu wa Kiswahili, shehe anayesomesha madrasa, kijana mjuzi wa kompyuta, na mimi niliyesomea nadharia ya fasihi na kukabidhiwa uandishi wa shajara hii.

Pendekezo letu linasema kwamba lengo la mradi ni kutoa matini sahihi ya utenzi. Sentensi hiyo iliandikwa ili kuwaridhisha watakaotusaidia gharama za uchapaji, lakini sasa ndiyo inayotuongoza, na kila mmoja wetu anaielewa kwa namna yake. Kwa mwalimu, matini sahihi ni maneno yaliyotoka kinywani mwa mtunzi. Kwa shehe, ni maneno yaliyopokewa kwa njia inayoaminika. Kijana wa kompyuta anaona kwamba matini ni kile anachoweza kukichapa na kukihifadhi katika faili, na mengine ni mazungumzo ya baraza. Nimependekeza tuanze kwa kutenganisha mambo matatu ambayo kwa kawaida tunayachanganya.

La kwanza ni hati, yaani kitu chenyewe: karatasi, wino, uzi uliotumika kushonea, doa la kahawa. Hati huungua, huliwa na mchwa na huibwa. La pili ni matini, yaani mfuatano wa maneno na alama unaobebwa na hati hiyo, ambao unaweza kuhamishiwa katika hati nyingine ukabaki uleule. La tatu ni kazi, yaani ule utenzi tunaoukusudia tunapoutaja bila kufikiria daftari lolote. Mwanafalsafa wa Marekani Nelson Goodman aliueleza vizuri mpaka uliopo kati ya sanaa za namna mbili katika kitabu chake cha 1968: mchoro wa rangi una asili moja tu, na nakala yake ni ya kughushi hata ikifanana nao vipi, ilhali shairi haliwezi kughushiwa kwa namna hiyo, kwa kuwa nakala yoyote inayofuata herufi zote ni shairi lenyewe. Daftari la Ngamiani likiungua leo, utenzi hauungui maadamu lipo la Pangani. Tatizo ni kwamba kipimo cha Goodman ni kuafikiana kwa herufi, na madaftari yetu hayaafikiani.

Nimewatahadharisha wenzangu kuhusu jambo moja la istilahi, kwa sababu litatuchanganya tusipolishughulikia mapema. Katika insha yake ya 1971, mhakiki wa Kifaransa Roland Barthes aliyageuza majina haya: kwake kazi ndiyo inayoshikika mkononi na kukaa kwenye rafu ya maktaba, na matini ndiyo isiyoshikika, kwa kuwa imo ndani ya lugha na huonekana pale tu inaposhughulikiwa na msomaji. Wahariri wa maandishi ya kale husema karibu kinyume chake, kwamba kazi ndiyo isiyoshikika na matini ndiyo iliyo mbele ya macho. Tumekubaliana kufuata matumizi ya wahariri, na atakapotajwa Barthes tukumbushane kwamba tumevuka mpaka.

Februari, mwanzoni

Picha za madaftari yote mawili zimepatikana. Kurasa chache za mwisho za daftari la Pangani zimeshikana kwa unyevu, nasi tumeziacha kama zilivyo mpaka apatikane mtu mwenye ujuzi wa kuzibandua.

Februari, mwishoni

Shehe ametuongezea jambo ambalo vitabu vyangu vya nadharia havikulitanguliza. Katika elimu ya hadithi za Mtume, kila habari ina sehemu mbili: isnadi, yaani mlolongo wa watu waliopokezana, na matini, yaani maneno yenyewe yaliyopokewa. Mwanachuoni haridhiki na maneno kabla ya kuuliza yamemfikiaje. Katika vitabu vya fiqhi nako, matini ni kile kitabu kifupi cha msingi ambacho mwanafunzi hukihifadhi kwa moyo. Hicho huzungukwa na sharhu, yaani ufafanuzi wake, na sharhu nayo ikaandamwa na hashia, yaani maelezo ya pembezoni, hata ukurasa mmoja ukabeba sauti za watu walioishi karne mbalimbali. Aliyepitia madrasa hapa Tanga ameuona ukurasa wa namna hiyo akiwa bado mdogo, kabla ya kusikia jina la mhakiki yeyote wa Ulaya.

Kwa hiyo nilipoeleza njia inayohusishwa na Mjerumani Karl Lachmann (1793–1851), ya kuzipanga nakala katika nasaba kwa kuangalia makosa zinazoyashiriki, shehe aliitambua mara moja kuwa ni jamaa wa elimu yake. Nakala mbili zikishiriki kosa ambalo si rahisi watu wawili kulifanya kila mmoja peke yake, basi zina mzazi mmoja. Na ukifuata nasaba hiyo kwenda juu unaukaribia mswada uliopotea ambao zote zimetokana nao. Kisha shehe akaonyesha tofauti ambayo sikuwahi kuifikiria. Isnadi hutaja watu na kuwapima uaminifu na uwezo wa kuhifadhi, ilhali nasaba ya Lachmann hutaja karatasi na kuwachukulia wanakili kama mifereji ambayo maneno hupita na kuchafuka. Mnakili wa utenzi si mfereji. Mara nyingi yeye mwenyewe ni mshairi, na pengine aliujua utenzi kabla hajaketi kuunakili. Nimeiandika hoja hiyo kwa wino mzito kwa sababu naona itatufaa tutakapolinganisha madaftari.

Machi

Kazi ya mwezi huu imekwenda polepole kwa sababu ya Ramadhani, lakini usomaji wa herufi umesonga mbele. Wasomaji waliozoea herufi za Kilatini watataka kujua kwa nini kusoma tu kunachukua muda mrefu hivi. Herufi za Kiarabu zina alama tatu za irabu fupi, fataha, kasra na dhuma, na Kiswahili kina irabu tano. Waandishi wa zamani wa pwani walitumia kasra moja kwa i na e, na dhuma moja kwa u na o. Herufi ileile inayosomwa b huweza kusomwa p au mb, na ile ya d huweza kuwa nd. Msomaji hawezi kutamka neno kwanza kisha akalielewa. Ni lazima alielewe ndipo aweze kulitamka.

Ubeti mmoja umetushughulisha mno. Baada ya dhoruba, wasafiri wanafika ufukoni wasikokujua:

Pwani hapakuwa mtu
tusipate hata kitu
likawa ni fungu letu
kwa Mola kutegemeya

Katika daftari, neno la mwisho la mshororo wa kwanza linaweza kusomwa mtu au mto, na la mshororo wa pili kitu au kito. Mwalimu alishikilia mto, na hoja yake ilikuwa nzuri: mabaharia waliopoteza mapipa ya maji hutafuta kwanza mto, na ufuko usio na mto ndio unaomwogopesha mwenye kiu. Mizani haisaidii kuamua, kwa kuwa usomaji wote unatoa mizani minane. Jibu limo katika mshororo wa tatu. Neno letu haliwezi kusomwa kwa o, maana Kiswahili hakina leto la kuandamana na fungu, na utenzi unadai kwamba mishororo mitatu ya kwanza ikubaliane kina. Kwa hiyo kina ni tu, na mtu na kitu vinathibitika kwa ushahidi wa neno lililo chini yao. Hapa kanuni ya utungaji imefanya kazi ya mhariri. Mtunzi aliyefunga ubeti wake kwa vina alikuwa pia anaweka ulinzi juu ya maneno yake.

Rafiki mmoja aliyesoma rasimu ya ukurasa huu aliniambia kwamba hati yetu inathibitisha waliyoyasema kina Barthes, kuwa msomaji ndiye anayeiumba matini. Sikubaliani naye, na ni vyema niandike sababu. Mhakiki wa Kijerumani Wolfgang Iser, katika kitabu chake cha 1976 juu ya tendo la kusoma, alizungumzia mapengo ambayo matini huyaacha ili msomaji ayajaze kwa fikra zake: nia ya mhusika isiyotajwa, tukio lililorukwa, uhusiano usioelezwa. Mapengo hayo hubaki wazi hata baada ya maneno yote kujulikana, na wasomaji wawili makini wanaweza kuyajaza kwa namna mbili zikakubalika zote. Pengo la kati ya mtu na mto si la aina hiyo, kwa sababu lina jibu. Uhuru ambao Barthes alimpa msomaji unahusu maana, na unaanza pale ambapo kazi ya kusoma herufi imekwisha. Tukivichanganya viwili hivyo tutakuwa tumehalalisha uvivu kwa jina la nadharia.

Aprili

Ulinganishaji wa madaftari umekamilika isipokuwa kurasa zilizoshikana. Tofauti ni za aina mbili, na kuzitenga ndiko kulikotufungua macho.

Aina ya kwanza inatokana na jicho: nukta imeachwa, herufi mbili zinazofanana zimebadilishana, mshororo umerukwa kwa sababu unaishia kama wa juu yake. Hizi ni chache. Aina ya pili haiwezi kutokana na jicho hata kidogo. Angalia ubeti huu wa daftari la Ngamiani:

Tukatweka na matanga
kusi likaja na janga
maji yakajaa anga
nahodha akatwambiya

Daftari la Pangani, katika mshororo wa tatu, lina «maji yakapiga anga». Yakajaa na yakapiga hayafanani kwa umbo la herufi, na mnakili aliyekodolea macho karatasi hawezi kutoa moja kwa jingine. Mizani ni sawa, kina ni kilekile, maana zote zinakubalika. Aliyeandika moja kati ya hizi aliuandika ubeti kama alivyousikia au kama alivyouhifadhi, mkono ukifuata sauti ya ndani, na karatasi iliyokuwa mbele yake, kama ilikuwapo, ilikuwa ya kumkumbusha tu.

Ikiwa ni hivyo, njia ya Lachmann haituwezeshi kupanda hadi mswada mmoja wa asili, kwa sababu njia hiyo inataka makosa, na haya si makosa. Mfaransa Joseph Bédier aliitilia shaka njia hiyo kwa sababu nyingine: mwaka 1928 alieleza kwamba karibu nasaba zote zilizochorwa na wahariri zinagawika matawi mawili tu, jambo linalofanya mhariri awe huru kuchagua analolipenda kila matawi yanapotofautiana. Shauri lake lilikuwa kuchagua nakala moja nzuri na kuifuata kwa uaminifu. Naye Paul Zumthor, akiandika mwaka 1972 juu ya mashairi ya Ulaya ya zama za kati, alisema kwamba kubadilikabadilika huko ndiko hali ya kawaida ya kazi zinazoishi kati ya mdomo na kalamu, na Bernard Cerquiglini mwaka 1989 akafika hadi ya kuisifu tofauti yenyewe kuwa ndiyo uhai wa maandishi ya zama hizo.

Mimi nimeegemea kwa Bédier kwa upande wa utendaji na kwa Zumthor kwa upande wa fikra. Jambo ninalolikataa kabisa ni lile ambalo mwalimu alikuwa akilitaka mwanzoni, la kuchukua mshororo ulio mtamu zaidi kutoka kila daftari na kuunda utenzi wa tatu. Utenzi huo ungependeza, lakini hakuna mtu wa Tanga wala Pangani aliyewahi kuughani. Tungekuwa watunzi tunaojificha nyuma ya neno uhariri.

Mei

Tumemrekodi bibi. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kahawa, aliomba mlango wa uani ufungwe kwa sababu ya kelele za bodaboda, akaanza bila kusita. Mshororo wetu wa mfano kwake ni «mawimbi yakawa anga», tofauti na madaftari yote mawili. Mwalimu alimsomea yaliyomo katika madaftari, akamwuliza lipi ndilo.

«Hayo ya vitabuni ni ya vitabuni, mwanangu,» alisema. «Mie nasoma nilivyosomeshwa na mama.»

Kauli hiyo ni isnadi kamili, na shehe alitabasamu aliposikia. Lakini inahitaji kupimwa. Msomi wa Marekani Albert Lord, katika kitabu chake cha 1960 kilichotokana na utafiti alioufanya pamoja na Milman Parry kwa waimbaji wa tenzi za Yugoslavia, alionyesha kwamba waimbaji waliapa kuwa wanaimba neno kwa neno walivyosikia, ilhali rekodi zilionyesha wanatunga upya kila wanapoimba, wakitumia mafungu ya maneno yaliyo tayari. Kwao matini isiyobadilika haikuwapo. Kilichokuwapo ni hadithi na ufundi. Baadhi ya wasomi wameichukua hoja hiyo na kuivika kila fasihi simulizi duniani. Bibi wetu haingii humo. Tuliporudi kumrekodi tena, tofauti zilikuwa ndogo mno, neno hapa na neno pale, na mpangilio wa beti ulikuwa uleule. Yeye hatungi; anahifadhi, kama anavyohifadhi juzuu. Hifadhi ya namna hii inazalishwa na utamaduni ambao mtoto hujifunza mapema kwamba yapo maneno yasiyoguswa.

Karin Barber, mtaalamu wa fasihi simulizi ya Afrika, ametusaidia hapa zaidi kuliko wote. Katika kitabu chake cha 2007 anaieleza matini kuwa ni usemi, wa mdomo au wa maandishi, uliosukwa ili uvute usikivu na uishi kupita wakati uliposemwa. Kwa maelezo hayo, anachoghani bibi ni matini sawasawa na kilichomo madaftarini, wala hakingoji kuandikwa ndipo kipewe hadhi hiyo. Mwanafalsafa wa Kifaransa Paul Ricœur, aliyesema mwaka 1970 kwamba matini ni usemi uliokazwa kwa maandishi, angetaka tusubiri. Ninamheshimu, lakini kwa kazi hii maelezo yake yanatuacha nje ya nyumba ya bibi.

Sasa mzozo. Katikati ya utenzi bibi anazo beti za wanawake wanaongoja ufukoni, ambazo hazimo katika daftari lolote. Ubeti mmojawapo ni huu:

Wake wakashuka pwani
na taa zi mikononi
wakaita baharini
sauti hazikujiya

Mwalimu ametoa hoja ambayo ni ya fasihi hasa, na ndiyo maana naiheshimu. Utenzi wote unasimuliwa kwa nafsi ya «sisi», yaani watu waliomo jahazini. Wanaona mawimbi, tanga na uso wa nahodha. Beti hizi zinaona ufuko usiku huohuo, jambo ambalo msimuliaji aliye baharini hakuweza kuliona. Kwa hiyo, anasema, zimetiwa baadaye, pengine na wanawake waliokuwa wakiughani utenzi wenyewe kwa wenyewe. Nakubali kwamba zilitiwa. Sikubali kwamba kutiwa kunazitoa. Zina mizani minane, zinarudi kwenye kina cha bahari, yaani ile «ya» inayofunga mshororo wa nne wa kila ubeti, kama beti nyingine, na kila tulipopiga rekodi mbele ya jamaa, hapo ndipo watu waliponyamaza. Mabadiliko hayo ya mtazamo, ambayo mwalimu anayaona kuwa ni dalili ya mkono mwingine, ndiyo yanayoufanya utenzi ukumbuke kwamba bahari ina pande mbili. Tumeamua beti hizo zichapishwe mahali bibi anapoziweka, kwa herufi za ukubwa uleule, na alama pembeni inayoonyesha zimetoka wapi.

Juni

Familia ya Ngamiani imeleta ombi. Daftari lao linaisha kwa jina la babu yao na dua, nao wanaamini kwamba yeye ndiye aliyeutunga utenzi na wanataka jina lake liwekwe juu ya jalada. Tulikwenda kuzungumza na wazee kwa adabu inayostahili. Sehemu ile ya mwisho wa hati ni jina la mnakili kwa namna wanakili walivyozoea kujitambulisha, na haina tamko la utungaji.

Mambo ya aina hii hutukumbusha Wamarekani Wimsatt na Beardsley, waliodai mwaka 1946 kwamba nia ya mtunzi haipatikani, wala haifai kuwa kipimo cha kazi, na Barthes, aliyetangaza kifo cha mtunzi miaka ishirini na kitu baadaye. Hata hivyo swali la wazee halikuwa la nia wala la maana. Lilikuwa karibu zaidi na lile aliloliuliza mwanafalsafa wa Kifaransa Michel Foucault mwaka 1969: jina la mtunzi linafanya kazi gani? Jina hukusanya maandishi chini ya mtu mmoja, huyapa dhamana na kuamua yasomwe vipi. Hapa Tanga mfano uko karibu. Utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima mwaka 1307 Hijria, yaani vita vya Wajerumani kuitwaa pwani hii, unasomwa kama ushahidi kwa sababu tunajua ni wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa pwani hii na wa zama zile. Ungekuja bila jina, beti zilezile zingesomwa kama masimulizi ya watu. Ni vyema pia kukumbuka kwamba wengi wetu tunaufahamu kwa herufi za Kilatini alizouhamishia J. W. T. Allen, pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza. Matini tunayoiita ya Hemedi inatufikia kwa mkono wa mhariri, na hatumlaumu yeyote kwa hilo.

Makubaliano na familia ni haya: jalada litabeba jina la utenzi peke yake, na maneno ya mwisho ya daftari, pamoja na jina la babu yao na dua yote, yatachapishwa mahali pake kama sehemu ya matini. Mzee wa familia alisisitiza dua isipunguzwe hata neno. Alikuwa na haki, kwa kuwa mwenye kunakili aliomba asomewe dua na kila atakayefika ukurasa ule.

Julai

Lahaja, kwa ufupi. Daftari la Ngamiani linatumia maumbo ya kaskazini ambayo washairi wa Mrima waliyapenda, kama nti kwa nchi na ndia kwa njia. Mfadhili mmoja alipendekeza tuyageuze yote kuwa Kiswahili sanifu ili vijana waelewe. Mahali ambapo nti inafungana na maiti na kiti, nchi inaua kina. Maumbo yanabaki, na faharasa itayaeleza.

Kijana wa kompyuta amekuwa na mwezi mgumu, na ugumu wake umetufundisha. Mwaka 1990 kikundi cha wataalamu wa maandishi ya kompyuta huko Marekani, akiwamo Steven DeRose na Allen Renear, walitoa makala yenye dai kwamba matini kwa hakika ni vitu vilivyopangwa kwa ngazi, kimoja ndani ya kingine: kitabu kina sura, sura ina aya, aya ina sentensi. Mwongozo wa TEI (Text Encoding Initiative), ulioanza kutayarishwa 1987 na ambao ndio tunaoutumia kuweka alama, umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya mpango huo. Utenzi ndani ya daftari unaukaidi. Ubeti unaanzia chini ya ukurasa mmoja na kuishia juu ya mwingine. Kwa hiyo ubeti haumo ndani ya ukurasa, wala ukurasa haumo ndani ya ubeti. Maneno ya nahodha yanaanza katikati ya ubeti na kumalizikia katikati ya ubeti mwingine. Wataalamu wenyewe waliligundua tatizo hilo mapema na kulegeza dai lao. Kijana ameamua kwamba ngazi kuu iwe ubeti, na mwanzo wa kila ukurasa uwekwe kama alama tupu isiyofungua wala kufunga kitu. Bila kukusudia ameamua kwamba kazi inatangulia hati, jambo ambalo sisi wengine tulikuwa tukilijadili tangu Januari.

Agosti

Mwalimu ameandaa maelezo ya kila mahali ambapo utenzi unachukua maneno ya kwingineko: ufunguzi wa kumsifu Mungu unaofuata desturi ya tenzi zote, mapigo yanayokumbusha Maulidi ya Barzanji, na nahodha anayesoma dua ya Nabii Yunus iliyomo katika Sura ya Al-Anbiyaa wakati maji yanapoingia jahazini. Ni kazi nzuri, lakini orodha ya vyanzo si mwingilianomatini, yaani matini kujengwa kwa matini nyingine, kama alivyoukusudia mhakiki Julia Kristeva alipoianzisha dhana hiyo katika miaka ya 1960 kutokana na kumsoma Mrusi Bakhtin. Yeye mwenyewe alichoshwa na jinsi ilivyogeuzwa kuwa utafutaji wa vyanzo, hata mwaka 1974 akapendelea istilahi nyingine yenye maana ya kuhamisha mfumo mmoja wa ishara kuupeleka katika mwingine. Dua ya Yunus inapoingia katika mizani minane na kuishia kwa ya, inaacha kuwa nukuu. Inalazimika kufungana vina na neno la mabaharia lililotangulia, na mabaharia nao wanainuliwa hadi ndani ya kisa cha Nabii. Nimemwomba mwalimu aongeze maelezo ya namna hiyo penye uzito, na apunguze kwingine. Amekubali kuongeza.

Septemba

Umbo la ukurasa limeamuliwa. D. F. McKenzie, mtaalamu wa historia ya vitabu, katika mihadhara yake ya 1985, alionyesha kwamba mpangilio wa ukurasa, nafasi na alama hushiriki kutengeneza maana, na akataka neno matini lijumuishe hata ramani, muziki na sauti zilizorekodiwa. Katika madaftari yetu ubeti mzima umeandikwa kwa mstari mmoja unaokatiza ukurasa, vipande vinne vikitengwa kwa alama. Vitabu vya kisasa huvipanga vipande hivyo chini kwa chini, na kina cha bahari hujitokeza kwa macho kwenye mshororo wa nne. Katika daftari kina hicho hushuka kama safu moja pembeni mwa ukurasa mzima. Hizi ni picha mbili tofauti za utenzi uleule. Ukurasa wa kulia utakuwa na matini ya daftari la Ngamiani kwa herufi za Kilatini, chini kwa chini, pamoja na beti za bibi. Wa kushoto utakuwa na picha ya hati. Usomaji wa Pangani na wa bibi utakaa pembezoni, mahali pa hashia, si chini ya ukurasa ambako macho hayafiki. Shehe ndiye aliyependekeza hivyo.

Rekodi ya bibi itapatikana pamoja na kitabu, na ameshatoa idhini mbele ya wanawe. Kurasa zilizoshikana za Pangani bado hazijafunguliwa; ulinganishaji wa beti za mwisho utasubiri, na pembezo za kurasa hizo zitaachwa tupu katika chapa ya majaribio. Faharasa ya maumbo ya kaskazini imefika herufi m.